Landrova ya Mama Mkunga

Alikuwa mfupi. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe alianza nalo kila alipoingia karakana yetu pale mtaa wa Gerezani. "Mtu mfupi amefika," alisema, "nani atanipa kiti?" Ukimpa kiti hakai. Alipanda akasimama juu yake na viatu vyake vyeupe vya hospitali, akashika kiuno, akaanza kuzungumza nasi uso kwa uso.

Mtaani kwetu Magomeni kila mtu alimwita Mama Mkunga, na mimi sikuwahi kumwita vingine. Habari za kuzaliwa kwake sina, zaidi ya kwamba alitoka Kilimanjaro na hakupenda kuulizwa. "Mimi nazalisha," alisema. "Ya kuzaliwa kwangu kamuulize mama yangu, ndiye aliyekuwa macho." Alikuwa amekwisha kustaafu hospitalini, wakamfanyia sherehe na kumpa kitenge na saa ya ukutani, lakini nadhani hakusikiliza hotuba. Kesho yake asubuhi alikuwa uani kwa jirani na beseni lake, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko.

Alikuwa na mambo ambayo ukiyaweka pamoja hayakai. Damu haikumtisha, lakini alimwogopa chura. Aliwahi kumaliza kazi ngumu ya usiku kucha kwa mke wa muuza mkaa, akatoka nje akijifuta jasho, akamwona chura mlangoni, akarudi ndani mbio kuliko alivyotoka, na ikabidi yule mzazi ndiye amtulize. Alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa sukari. Angekupa kanga yake, angekupa nusu ya mkungu wa ndizi uliotoka kwao, lakini ukimwomba sukari alikutazama kama umemwomba jicho. Hiyo ilikuwa miaka ya foleni, sukari ikitafutwa kama mtoto aliyepotea, kwa hiyo tulimwelewa kidogo.

Na wanaume hakuwataka karibu. Baba mtarajiwa akianza kuzungukazunguka mlangoni, alimtuma achemshe maji. Maji yakichemka, yalikuwa machache. Yakiongezwa, yalikuwa yamepoa. Kuna baba mmoja alichemsha maji mpaka kuni za jirani zikaisha. Baadaye alimuuliza, "Mama, yale maji uliyafanyia nini?" Akajibu bila haya, "Nilikufanyia wewe."

Sasa gari. Alilinunua kwenye mnada wa magari machakavu ya serikali: landrova ya zamani, ya kijani, kioo cha mbele kimegawanywa katikati, milango inafungwa kwa kubembelezwa. Alijifunza kuendesha ukubwani na ilionekana. Njia nzima aliimba nyimbo za kanisani, na mtu akimzibia barabara alimtukana katika sauti ile ile ya wimbo, bila kupoteza mdundo, kisha akaendelea na ubeti. Watoto wa mtaa waliliita lile gari Leba, kwa kuwa si mama mmoja wala wawili waliojifungulia humo kabla ya kuona lango la hospitali.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi hakulipenda. Ilikuwa enzi ambayo mwenye gari binafsi alitazamwa mara mbili. Siku moja kwenye mkutano alisimama akasema kwa upole wa hatari, "Ndugu Mkunga, tunajenga Ujamaa hapa. Gari zima la nini kwa mtu mmoja?"

Mama Mkunga hakusimama, maana kusimama kwake hakukubadilisha kitu. "Ndugu Mjumbe," alisema, "gari hili likitoka na watu wawili linarudi na watatu. Nioneshe la serikali linalofanya hivyo." Mkutano ulivunjika kwa vicheko, na mjumbe mwenyewe alicheka, na mkewe alipofikia siku zake, unajua alipakiwa kwenye gari gani.

Kilichomleta kwetu ni maji. Masika yakikolea, mto hufurika pale Jangwani, na bonde lote kati ya Magomeni na mjini huwa ziwa. Wazazi walikuwa upande wetu. Hospitali kuu ilikuwa upande wa pili. Na yeye, mtu wa mlimani, aliogopa maji kupita chura. "Kwetu maji yana adabu," alisema. "Yanapita, yanakwenda zake. Haya ya kwenu yanakaa, yanakutazama." Kwa hiyo alipanda juu ya kiti pale karakana akatangaza, "Nataka gari langu liwe refu."

Hapo ndipo mimi na Hamadi tulipokosana.

Mimi nilikuwa fundi wa springi. Hamadi, mtu wa Kilwa, mpole, asiyeinua sauti hata akijigonga kidole kwa nyundo, alikuwa fundi wa bodi. Tulichangia banda moja, jiliwa moja la kubania vyuma na redio moja, na kwa miaka hatukuwa tumegombana ila juu ya redio. Lakini gari linainuliwa kwa njia mbili, na kila njia ilikuwa na mwenyewe.

Mama Mkunga alitupa haki sawa. Alimwamuru Hamadi afumbe mdomo, akaniambia niseme.

Nikamweleza. Ukiongeza mabamba ya springi, chesisi inapanda, na kila kilichofungwa juu yake kinapanda nayo: injini, feni, bodi, wewe na mzazi wako. Injini ikiwa juu ya maji, gari linavuka.

"Ubaya wake?"

"Haina ubaya, Mama."

"Hamadi, fumbua mdomo. Ubaya wake?"

"Uzito wote unakwenda juu," alisema Hamadi taratibu. "Kwenye kona gari litayumba kama mlevi. Na springi mpya za gari dogo hakuna mjini, huyu atakutilia mabamba ya lori. Litakuwa gumu, Mama. Kila shimo mzazi atalisikia kwenye meno."

Kisha ikawa zamu yake. Yeye angefungua bodi kutoka kwenye chesisi, aweke vipande vya mti wa mvule katikati, afunge tena kwa bolti ndefu. Bodi inapanda, uzito mkubwa unabaki chini, springi zinabaki laini kama zilivyo.

"Na injini?" niliuliza, ingawa sikuwa nimepewa ruhusa. "Injini inabaki pale pale! Mama, huyu anataka kukuvisha kofia ndefu. Mimi nakuvisha viatu virefu. Mwenye kofia ndefu akiingia mtoni, watu wanaona vizuri tu mahali alipozama."

Alicheka mpaka kiti kikatikisika, tukamshika. Nikajua nimeshinda. Alipomaliza kucheka alifuta machozi, akasema, "Mwenye uchungu hana haja ya kurushwarushwa. Hamadi, inua bodi."

Hamadi aliifanya kazi ile vizuri, lazima niseme. Lakini gari lilikuwa kichekesho. Kati ya bodi na chesisi palikuwa na uwazi ambao kuku angepita bila kuinama. Rungu la gia lilikuwa limezama, Mama Mkunga akitaka kubadilisha gia ilibidi ainame kama anayetafuta shilingi iliyoanguka, na kwa nukta chache barabara haikuwa na mtu wa kuitazama. Kupanda hakuweza kabisa. Akapata kreti la soda, akalifunga kamba: analiweka chini, anapanda, anaingia, analivuta. Pale Kariakoo wapagazi waliacha mizigo yao kutazama.

Masika yakaja. Mke wangu Zuhura alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na Mama Mkunga alikuwa amemshika tumbo mara kadhaa, safari ya mwisho akakunja uso. "Mtoto amekaa vibaya," aliniambia uani. "Ametanguliza makalio. Huyu tutampeleka hospitali mapema, sitaki mchezo."

Mapema haikuwepo. Uchungu ulianza asubuhi ya mvua, mvua ile inayokuja kama imetumwa. Mchana tulikuwa njiani, Zuhura amelala nyuma kwenye godoro, kichwa mapajani mwangu, Mama Mkunga mbele akiimba. Tulipoteremka kuelekea bondeni aliacha kuimba. Barabara ilikuwa imekwisha. Mbele yetu palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo watu wakivuka wamebeba nguo kichwani.

Alisimamisha gari ukingoni. Niliiona mikono yake kwenye usukani: ilikuwa ikitetemeka. Mikono ile, ambayo nusu ya mtaa ilizaliwa ndani yake.

"Fundi," aliita bila kugeuka. "Linapita?"

Zuhura akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Litapita, Mama. Gia ya kwanza, taratibu, usiguse klachi."

Akaanza wimbo upya, kwa sauti ya juu mno, akaingia majini. Tulikwenda. Nakwambia tulikwenda vizuri, maji yakifungua njia mbele yetu, nikaanza kumsamehe Hamadi. Katikati ya bonde feni ikayafikia maji. Ikayarusha juu ya injini yote. Gari likakohoa mara moja, kama mtu anayetaka kuomba radhi, likazimika.

Ikabaki sauti ya mvua. Alijaribu kuliwasha, likakataa. Alijaribu tena. Nilikuwa na neno la springi mdomoni, limekaa tayari, tamu. Nikalimeza.

Kisha akachomoa ufunguo, akautia kifuani, akapanda juu ya kiti na kuangukia nyuma tulipokuwa sisi. "Haya," alisema. "Hospitali imeshindwa kuja. Sisi tupo." Nikatazama tena mikono yake. Ilikuwa imetulia kama mawe.

"Wewe shuka ukasukume."

"Mama, maji yatanifika kiunoni."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Mimi yatanifika kichwani."

Nikashuka. Nilisukuma landrova yenye watu wawili ndani, kwenye tope, peke yangu, kwa nguvu zangu zote, na haikusogea hata unene wa kidole. Kila nilipopumzika alipiga kelele kutoka ndani, "Husukumi!" Nikasukuma tena. Nilikuwa nalia nadhani, lakini kwa mvua ile nani angejua. Nilimsikia Zuhura. Nilimsikia Mama Mkunga akimwambia, "Usisukume wewe, asukume yeye. Ngoja... ngoja mwanangu... sasa." Vijana wa Jangwani waliokuwa wakivusha watu walikuja na kamba, wakaifunga mbele, wakaanza kuvuta, na gari likatikisika.

"Acheni kuvuta!" Sauti ile ilitoka ndani kama ya sajini. Kila mtu aliganda na kamba mkononi. "Asivute mtu! Kimebaki kichwa!"

Sijui tulisimama muda gani. Nilikuwa nimeweka paji la uso kwenye bati la mlango wa nyuma. Kisha nikasikia kimya cha namna nyingine, na ndani yake makofi madogo madogo, na pumzi ya mtu mzima ikipulizwa, na Mama Mkunga akisema kwa sauti ya chini kabisa, "Wewe. Wewe. Usinitanie." Makofi tena. Pumzi tena.

Mtoto akalia.

Vijana wale walipiga vigelegele majini kama akina mama. Mmoja aliachia kamba akachukuliwa na maji hatua kadhaa, wakamkamata kwa shati. Mlango wa nyuma ukafunguka, Mama Mkunga akachungulia, kanga imelowa jasho. "Msichana," alisema. "Amekuja kinyumenyume kama gari linalotoka karakana. Sasa vuteni, mnangoja nini?"

Wiki iliyofuata Hamadi alikuja kumwona mtoto. Alileta sabuni ya mche, na siku zile sabuni ilikuwa zawadi ya harusi. Alikaa, akanywa chai isiyo na sukari, akauliza habari zote, akasikiliza jinsi injini ilivyozimika. Nilimsimulia sehemu hiyo kwa urefu. Alipomaliza chai aliuliza, "Na sakafu?"

"Sakafu gani?"

"Sakafu ya gari. Aliyolalia shemeji. Maji yaliingia?"

Nikafikiri. Maji yalinifika kiunoni, na ndani godoro lilikuwa kavu. Kama bodi ingekuwa pale ilipokuwa zamani, yangepita juu ya magoti ya Zuhura.

"Hayakuingia," nilisema.

"Basi," alisema Hamadi, akaweka kikombe chini. Miaka yote baadaye, tukibishana lolote, hata juu ya mpira, akishindwa hoja alisema tu, "Na sakafu?"

Mama Mkunga alikuja karakana gari likiwa limevutwa na lori. Alipanda juu ya kiti. "Bodi imeokoa godoro, springi ingeokoa injini. Nimewasikia wote wawili. Ongezeni na springi."

Tulimwambia isifanyike hivyo. Kwa mara ya kwanza mimi na Hamadi tulisema neno moja, na hakutusikiliza. Nikatia mabamba ya lori. Gari likawa mnara. Akalichukua akiimba, na alipopanda mwinuko wa Kigogo na kukata kona, magurudumu ya upande mmoja yaliacha kugusa nchi. Alirudi kwa miguu, amepauka, kamba ya kreti bado iko mkononi. "Limeniinamia," alisema, "kama linataka kuniambia siri." Tukapunguza mabamba, tukaacha kiasi, na likabaki hivyo: refu kidogo, gumu kidogo, na mwenyewe akaridhika.

Ajabu ni kwamba hakuvuka tena mafuriko nalo. Alimshawishi mama mmoja mwenye duka la jumla Kariakoo, mtu wa kwao, ampe chumba cha uani, na kila masika yakikaribia aliwahamishia huko wazazi wake waliokaribia siku, upande ule ule wa hospitali, wakae wakimenya vitunguu na kusengenya mpaka siku zao. Nilimuuliza sasa gari refu la nini. "Linanisaidia kuona foleni ya sukari inaanzia wapi," alijibu.

Kisha nikahama Magomeni, na kuonana kwetu kukawa kwa nadra. Binti yetu alikuwa amekwisha kumaliza darasa la saba, asubuhi moja tuliposikia breki za ile landrova nje ya banda. Mama Mkunga alishuka kwa kuteleza, amekumbatia mlango, na alipofika chini alisimama kidogo akiusikilizia mwili wake. Nywele zilikuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Lishusheni."

"Tushushe nini?"

"Gari. Bodi, springi, kila mlichopandisha. Lirudi lilivyozaliwa. Magoti haya hayapandi tena."

Tulifanya kazi pamoja, mimi chini, Hamadi juu. Hatukubishana. Vile vipande vya mvule vilitoka vizima, vigumu kama siku ya kwanza, na Hamadi akavigonga kimoja kimoja kwa kidole kabla ya kuviweka pembeni. Mama Mkunga aliegemea ukuta akitafuna karanga na kutusahihisha. Binti yangu alikuja na chakula chetu cha mchana, akapiga goti kidogo kumwamkia. Mama Mkunga alimshika mikono, akaigeuza viganja juu, akavitazama kwa muda.

"Unajua kuendesha?"

"Sijui, Bibi."

"Kuna nini cha kujua? Unakaa, unakwenda."

Nilipokuwa nakaza nati za mwisho ndipo nilipochungulia nyuma. Palikuwa na kitanda kimefunguliwa vipande, masufuria yamefungwa kwenye shuka, ile saa ya ukutani, na kuku wawili katika tenga.

"Mama, unahama?"

"Nahama wapi? Nakwenda kutazama migomba ya kwetu mlimani."

"Na kitanda?"

"Nikichoka kutazama nitalala."

Hamadi alijifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Hakuna aliyesema neno la kuaga, kwa sababu Mama Mkunga hakulisema, na kwake huwezi kutangulia. Alifungua mlango. Akaweka mguu mmoja ndani, kisha wa pili, akakaa. Alitazama mbele kupitia kioo, akaona mabasi na malori yakipita yamemzidi urefu.

"Mbona watu wote wamerefuka?" alisema, akawasha gari.

Tulitoka mpaka barabarani kumtazama. Alikwenda pole pole, wimbo ukisikika. Karibu na kona alitoa mkono wake dirishani, akaonesha kwa uhakika kabisa kwamba anakata kulia, na lori lililokuwa nyuma yake likasimama kumpisha. Akakata kushoto.

"Njia ya bara siyo ile," alisema Hamadi.

"Ataigundua."

Binti yangu aliuliza kama tumkimbilie. Nikamwambia hapana, atazunguka, atapita tena hapa hapa mbele yetu. Tukasimama ukingoni mwa barabara, watu watatu, chakula kinapoa ndani, tukitazama upande wa pili ambako angetokea. Wateja wawili walikuja, tukawaambia wangoje.